Jina la Halima Lilipokataliwa Habaswein

Asubuhi ile kwenye chumba cha taar tulikuwa watu wanne, na wa tano alikuwa sauti tu. Alikuwepo Mzee Idle Gabow, mwenye mtambo, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu Ali. Alikuwepo Halima Dubow, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye mama yake na mama yangu walizaliwa tumbo moja. Alikuwepo Bishara Noor, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwa na ujumbe wa kutuma wala wa kupokea ila chai yetu aliipenda. Nilikuwepo mimi, Habiba Shale, nimeshika maiki. Na huko Habaswein, njia ya kwenda Wajir, alikuwepo Barre Kusow, mwenye taar ya kule. Huyo hatukuwa na undugu naye, na uso wake nilikuwa sijawahi kuuona.

Nilikuwa nimemaliza kusoma tangazo la Halima: Jumatatu atafika sokoni Habaswein na lori, ananunua mabeberu kwa ajili ya Idd, bei nzuri kuliko ya mwaka uliopita. Nikasema ova, neno letu la kusema nimemaliza, nikaachia kitufe.

Mkwaruzo. Halafu Barre akasema, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe chini:

"Abaayo, dada yangu Habiba, nimekusoma vizuri. Lakini hilo tangazo sitawasomea watu. Jina la Halima hapa halipiti. Ova."

Halima alikuwa amesimama mlangoni. Akakaa palepale juu ya gunia.

Vijana wangu, taar ndiyo redio tuliyotumia miaka ya tisini kabla hizi simu zenu hazijafika Garissa. Waya mrefu juu ya paa, betri ya lori chini ya meza, na maiki ya kubonyeza ukitaka kusema. Mtu aliye Mandera aliuliza habari za mama yake aliye Bura, na mwenye duka alitangaza kuwa sukari imefika. Mimi nilisoma madrasa, halafu darasa la ngumbaru nikiwa na watoto tayari, kwa hiyo msishangae mstari wangu ukipanda mlima. Aliyenisukuma niandike ni mjukuu wangu Ifrah, binti wa mwanangu Abdullahi. Kazi yake ni kutuma matangazo ya maduka kwa barua pepe. Juzi alikuja nyumbani amenuna.

"Ayeyo, barua za mteja wangu hazifiki. Zote zinaangukia kwenye kapu la taka."

"Anwani ni mbaya?"

"Anwani nzuri. Mtu alitumia jina la duka lake kutuma uongo. Sasa mitambo inayopokea haimwamini hata yeye mwenyewe. Inataka athibitishe kwamba barua imetoka kwake kweli."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. "Huyo ni Halima," nikamwambia.

"Halima gani?"

"Keti."

Aliposikia yote akasema niandike, watasoma ofisini. Basi someni.

Kazi nilifundishwa na Mzee Idle baada ya eda yangu kwisha. Hakuniuliza shahada, aliniuliza kama naweza kunyamaza. Alisema anayetuma habari za watu anatakiwa ajue kunyamaza kwanza, kusema atajifunza. Mola amrehemu, kwa sababu ujane ungenikalisha jikoni kwa watu, na yeye alinipa kiti.

Siku zangu za mwanzo nilipiga kelele kwenye maiki hadi Bishara akatoka kwake kuuliza, "Habiba, kama unapaza hivyo, betri ya nini? Habaswein si wanakusikia?" Mzee Idle akanionyesha: shika maiki pembeni ya mdomo, sema kama unamsimulia mtu aliye karibu. Na ukibonyeza kitufe, vuta pumzi kwanza ndipo useme. Usipongoja, mtambo unakula neno la kwanza, na neno la kwanza mara nyingi ni jina la mtu. Namba sema mara mbili. Habari ya msiba usiifuatishe na tangazo la mchele, hata kama mwenye mchele ametangulia kwenye foleni. Ngoja. Watu hawasahau walichosomewa baada ya habari ya kifo cha baba yao.

Sasa, tangazo likitoka kwetu, Barre aliliandika, na siku ya soko alisimama mbele ya duka lake akalisoma. Wachungaji walilibeba hadi visimani. Kwa hiyo kufika Habaswein kwenye redio haikuwa kufika kwa watu. Katikati alikuwepo Barre, na Barre asiposoma, umesema na upepo.

Na tulijuaje kwamba anayesema ni yeye kweli? Kwa abtirsi. Kwetu Wasomali mtoto anafundishwa kutaja jina lake, la baba, la babu, na kuendelea juu, kabla hajajua kufunga kamba ya ndama. Mtu akija na ujumbe, mwenye taar wa upande wa pili anauliza, "Wewe ni nani?" Akimtajia babu zake wote bila kusita, basi, amejulikana. Tulifanya hivyo miaka na hakuna aliyeona kasoro. Kwa nini uone kasoro? Mtu akidanganya jina lake unaweza kumwelewa, lakini nani atadanganya babu zake?

Hapo ndipo tulipopigwa. Mzee Idle alichukua maiki mkononi mwangu siku ile Barre alipokataa.

"Barre, mimi Idle. Huyu mama yuko mbele yangu, namwona kwa macho. Ova."

"Adeer, mzee wangu, wewe unamwona. Mimi naona redio. Ova."

"Basi tuambie amekukosea nini. Ova."

Barre akatuambia. Majuma kadhaa nyuma, sauti ya mwanamume ilitoka taar nyingine ya hapa mjini. Ikasema inamsemea Halima, kwamba anakuja kununua mbuzi. Barre akauliza, Halima nani? Ile sauti ikamimina: Halima Dubow Abdulle Mahat Gure Roble, na kuendelea, bila kukosea hata mmoja. Barre akasoma tangazo. Watu wakaswaga mbuzi kutoka visima vya mbali, jua kali, majani hakuna njiani. Walipofika, Halima hakuwepo. Aliyekuwepo ni mnunuzi mwingine, na lori lake, amekaa kivulini kana kwamba amepita tu. Mbuzi wana kiu, hawawezi kurudi walikotoka. Akawanunua kwa bei ya ngozi. Mzee mmoja, Hassan Qorane, alikataa kuuza kwa bei ile, akageuza mifugo yake, na mbuzi wenye mimba wakaanguka njiani.

"Hawakumtafuta yule mtu," Barre akasema. "Walikuja mlangoni kwangu. Walisema mdomo ulikuwa wangu. Ova."

Halima akasema, kwa sauti ya chini, "Najua ni nani." Sisi wote tulijua. Alikuwa mtoto wa ndugu wa baba yake, naye pia mnunuzi wa mbuzi. Ukitoa jina lake na la babake, babu zake wote ndio babu zake Halima. Abtirsi tuliyoitumia kama kufuli ilikuwa na ufunguo kwa kila binamu. Jina lake ninalijua, na la mama yake, na la ngamia aliyetolewa mahari, lakini wanawe wanasali msikiti mmoja na wanangu, kwa hiyo nitalimeza.

Muelewe alichokuwa anapoteza Halima. Mumewe Yunis Bulle alifariki akamwachia watoto na biashara ndogo ya mbuzi, na yeye aliikuza hadi wachinjaji wa Eastleigh wakawa wanamngoja kila Idd. Mwaka ule upande wa Bura mvua ilikosa, mbuzi wakabaki ngozi na mifupa. Waliokuwa na nyama walikuwa Habaswein. Idd ikipita bila wale mbuzi, wachinjaji wangetafuta mtu mwingine, na kaka yake Mahat alikuwa ameshatuma ujumbe kutoka Sangailu, mimi mwenyewe niliupokea: arudi nyumbani, mbuzi wa kuchunga wapo. Mbuzi wa Mahat, si wake.

"Naenda kuwaambia mwenyewe," Halima akasema.

"Utakwenda kila juma?" Mzee Idle akamuuliza. "Utakwenda kila kisima?"

Bishara akaweka kikombe. "Si mpange neno la siri? Habiba akilisema, Barre anajua."

"Abaayo, kila mwenye taar kutoka hapa mpaka Mandera ana masikio," Mzee Idle akamjibu. "Neno ukilisema mara moja limekuwa la soko. Tunataka kitu ambacho binamu hakijui, na kikishasemwa kimekufa."

Halima alikuwa anachezea mkanda uliofunga gunia alilokalia, mmoja wa mikanda niliyokuwa nasuka kwa nyuzi za magunia nilizozitia rangi, ya kufungia mizigo. Kidole chake kikawa kinatembea kwenye rangi: nyekundu, nyeusi, nyeusi, nyeupe. Akainua kichwa.

"Habiba, ukisuka mikanda miwili kwa pamoja, itafanana?"

"Nikiisuka bega kwa bega, itafanana kama pacha."

"Mmoja uwe kwa Barre. Mmoja kwangu. Kila tangazo tunataja rangi chache za mwanzo, halafu zile tulizotaja tunazikata."

Mzee Idle akaushika mkanda. "Na kesho zinasemwa zinazofuata," akasema.

"Na wa kwetu tunachoma tulichokata," nikasema mimi, "na Barre vilevile."

Vijana, msidhani ni kazi rahisi. Mkono wa msusi unapenda kurudia. Nikiweka nyekundu na nyeusi mara mbili, vidole vinaniomba tena nyekundu, na mwenye akili angekisia rangi inayofuata. Nikafumua, nikasuka, nikafumua. Mwishowe nikamwita Bishara, nikamwambia, "Wewe taja rangi, usifikiri." Kwa kutofikiri hakuna aliyemzidi Garissa nzima. Akawa anatafuna kaimati na kutaja, "Njano. Njano. Nyeupe. Nyekundu. Hii kaimati nani kapika? Nyeusi." Ule mkanda ulikuwa mbaya kuliko yote niliyowahi kusuka na ndio uliofanya kazi kubwa kuliko yote.

Halima aliupeleka mwenyewe ule wa Barre. Dereva wa lori alikuwa mpwa wake, Siyat, kijana mwaminifu, akasema nipe niufikishe. Halima akakataa. Aliufunga tumboni chini ya nguo hadi Habaswein, akaukabidhi mkononi mwa Fatuma Guliye, mke wa Barre, na Barre amesimama. Maneno waliyosema alinisimulia aliporudi, na Fatuma baadaye alinisimulia hayohayo.

"Tangazo langu litatoka kwa Mzee Idle, si kwingine," Halima alimwambia Barre. "Litakuja na rangi. Likija bila rangi usilisome, hata kama sauti ni yangu."

"Hata kama unalia?"

"Hata kama nalia."

"Na likija la uongo nifanye nini? Niliweke kando nikuulize?"

"Litupe. Halafu umwambie Habiba limetoka wapi."

Mnaona alichofanya? Hakumwomba Barre amwamini. Alimpa ruhusa ya kumkataa. Ifrah ananiambia nanyi mnaandika mahali fulani njia zipi zinaruhusiwa kutumia jina la mteja, mnatia muhuri kwenye barua, na mnasema isiyo na muhuri ifanyweje. Basi hamko mbali na sisi.

Haikupita muda, binamu akajaribu tena. Nilikuwa nasikiliza kwenye mawimbi, kwa sababu taar ni kama uwanja, wote tunasikiana. Ile sauti ikamwita Barre, ikasema ina tangazo la Halima Dubow. Barre akauliza kwa adabu, "Mkanda unasemaje? Ova."

Mkwaruzo. Halafu ile sauti ikaanza: Halima Dubow Abdulle Mahat Gure...

Barre akamwacha amalize, hadi babu wa mwisho.

"Adeer, babu zako nawaheshimu," akasema, "lakini sikuwauliza hao. Ova na kwaheri."

Mzee Idle alicheka mpaka akatafuta leso. Ile sauti haikutumia tena jina la Halima.

Mngedhani hapo ndipo hadithi inakwisha. Hata mimi nilidhani. Nikasoma tangazo la Halima, nikataja rangi, Barre akajibu, "Zimefanana," akalisoma mbele ya duka. Halima akapanda lori. Siku ya soko ikafika, na hakuna aliyekuja kwake. Watu walikuwepo, mbuzi walikuwepo, lakini kwa Halima hakuna. Barre alikuwa amemjua, lakini Habaswein ilikuwa haijamsamehe. Mkanda unasema wewe ni nani. Hausemi kama wewe ni mtu wa kusikilizwa.

Alirudi na lori tupu na vumbi usoni. "Tusome tangazo kila siku," akaniambia. "Asubuhi na jioni, mpaka wasikie."

Nilimwita Barre kwenye taar. Akasema, "Hapana, abaayo. Nikisoma kila siku watakimbia hata nikisema moto umeshika duka. Ni nani aliyewahi kumuuzia mbuzi na akaridhika? Nipe majina."

Majina! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikaa na Halima tukayataja: Dekha Muhumed mwenye mbuzi weupe, Abdi Birik, mama Sokorey Issack na dada yake Zeinab. Barre akawapelekea hao tu. Wakaja wachache. Halima akanunua kwa bei aliyotaja, na mbuzi aliyemkataa alimnywesha maji kwanza ndipo akamrudisha kwa mwenyewe. Juma lililofuata lori liliharibika, akatuma mapema kusema haji, na rangi zake. Barre aliniambia baadaye kwamba tangazo lile la kutokuja ndilo lililowageuza watu. Hawakuwahi kusikia mnunuzi anayetangaza kwamba haji.

Kisha akaja Hassan Qorane, yule mzee aliyepoteza mbuzi wake njiani. Alikuja sokoni na beberu mmoja anayechechemea. Halima alisimulia hivi:

"Unauza huyu tu, adeer?"

"Huyu tu."

"Na wengine?"

"Wengine wamebaki na akili zao." Akamtazama. "Wewe ndiye Halima?"

"Mimi."

"Yule mwingine pia alikuwa Halima."

Halima alimkagua beberu, mguu, meno, mgongo. Akamwambia mguu utapona, na mnyama ana nyama, akalipa bei ileile ya mzima bila kushusha. Mzee akazipokea pesa, akazitia kwenye mshipi, akaenda zake bila kuaga. Halima aliniambia, "Habiba, nadhani nimenunua mbuzi mmoja tu, na yule mzee sitamwona tena."

Soko la mwisho kabla ya Idd likaja. Halima alikuwa Habaswein, sisi tuko chumbani: mimi, Mzee Idle, na Bishara na kikombe chake. Hatukuwa na kazi, lakini hakuna aliyeondoka. Jua limepanda, Barre akaita.

"Abaayo Habiba, nakuita. Ova."

"Nakusoma. Wamekuja? Ova."

"Subiri. Natoa maiki dirishani. Ova."

Mwanzoni nilisikia upepo tu. Halafu nikasikia mbuzi. Wengi, wanalia kwa pamoja, wakubwa na wadogo, na wanaume wakiitana, na katikati yake sauti ya Halima inamwambia mtu asukume wale wa nyuma. Barre akarudi, na kicheko kwenye koo. "Hassan Qorane ameleta zizi lake lote," akasema, "na la shemeji yake. Siyat ametumwa kutafuta lori la pili. Ova."

Mzee Idle alivua kofia, akaipangusa, akaivaa. Bishara alilia, na akasema ni moshi, ingawa hatukuwa tumewasha moto.

Halima hakurudi Sangailu. Alisomesha watoto wake wote kwa mbuzi wa Habaswein. Barre nilikuja kumwona uso kwa uso miaka mingi baadaye, mtu mfupi, mwembamba, na sauti yote ile. Nilimshukuru kwa kutukatalia siku ile. Kama angekubali kila kinachoingia, watu wangeacha kumsikiliza, na hata ukweli wetu ungefika mlangoni kwake ukalala hapo. Namshukuru Fatuma Guliye aliyeutunza mkanda kama dhahabu. Namshukuru Mzee Idle kwa kiti. Na Bishara, kwa kutofikiri kwake, Mola amweke pema.

Nimeandika ninavyokumbuka. Wengine kwetu wanasema lori la pili lilikuwa la Abdi Birik, mimi naona lilikodiwa Wajir. Na dada yake Sokorey naweza kuwa nimemwita Zeinab na kumbe ni Zahra. Uliyekuwepo, au uliyesimuliwa na mama yako, njoo nyumbani uniambie nilipokosea. Sitakasirika. Wanaoweza kunisahihisha wamebaki wachache, na kila anayekuja kunibishia namwekea mkeka na chai.